Michembe Mbele ya Watu wa Kigali

Hivi nyie, mmeshawahi kufika mji ambao mtu akikukuta unakula anageuza uso kama kakukuta unaoga? Mimi nimefika. Nimefika na nimerudi, na meno yangu machache niliyokwenda nayo nimerudi nayo yote, alhamdulillahi. Sasa kaeni vizuri. Tangu juzi kila anayepita hapa ni "Bi Nyamizi, Kigali kulikuwaje?" Namsimulia huyu, anaingia yule, naanza upya. Leo nasema mara moja tu, kila mtu abebe chake.

Kutoka Kahama

Mwamvita, mjukuu wangu kwa Ramadhani, anaolewa na Idrisa. Yule dereva wa lori, Mnyarwanda, mrefu, anayeinama mlangoni kwangu na bado anajigonga. Sasa wenzake Mwamvita wawili wa cherehani, Pili na Sikudhani, wakasema kabla mwali hajafungiwa ndani tumtoe kwanza, tukamtembeze Kigali, Ijumaa mpaka Jumatatu. Anunue vitenge, auone mji atakaokwenda kuishi, acheke vile vicheko vya mwisho vya usichana.

Ramadhani akagoma. "Wasichana watatu, nchi ya watu, na wakwe wako hukohuko? Wakimwona je?"

Nikamwambia, "Nitakwenda nao mimi."

Akaniangalia. "Mama, wewe ndo utawatuliza hawa?"

"Kwani wewe ulitulizwa na nani?"

Nikaenda kufunga michembe yangu, vile viazi vikavu, na karanga kwenye kitambaa, maana safari bila michembe mimi siijui.

Lakini Idrisa alikuwa ametupa neno moja, na hilo mlishike. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo. Aliyemlea ni shangazi yake, anaitwa Mariyamu, ana duka la vitambaa hukohuko Kigali, mtaa wa Rwezamenyo. Huyo shangazi ndiye wa kuja Kahama kumpokea bibi harusi. Akija, ndoa ipo. Asipokuja, upande wa kwao hakuna mwingine wa kusimama. "Kwa hiyo nunueni popote," akasema Idrisa, "ila kwa shangazi msikanyage. Msimwone, asiwaone." Tukaitika kama watoto wa chuo.

Lusahunga, mkanda ulipokatika

Tuliondoka Alhamisi, na basi lilikuwa zima mpaka lilipoamua. Karibu na Lusahunga tukasikia paa! halafu kimya, halafu moshi. Mkanda wa feni umekatika. Dereva akashuka, akauangalia, akauchukua akauvaa shingoni, akaenda kukaa kivulini. Hilo ndo likawa tengenezo lake la kwanza.

Tulikaa pale mpaka jua likahama. Lakini semeni mtakavyosema, mimi nilifurahi! Mama mmoja wa pale akatuletea sufuria la ugali na mlenda, mwingine akatoa dagaa zake za zawadi alizokuwa anampelekea mkwewe, mimi nikamwaga michembe na karanga juu ya kanga. Basi zima tukakaa chini pembeni ya barabara, mikono ndani ya sufuria moja. Kila lori likipita tunapiga kelele, "Karibuni!" Na kuna la mbao lilisimama kweli, utingo wake akashuka, akala, akanawa, akaondoka. Hata jina hatukumuuliza.

Kulikuwa na baba mmoja mfanyabiashara wa maharage, mtu wa Ngara. Yeye alikula kidogo kidogo huku kageukia porini. Nikamtania, "Baba, unamla nani huko usitake tumwone?"

Akacheka. "Bibi, mimi nimekaa sana Rwanda. Utaona mwenyewe."

Mkanda ukapatikana kwa lori lililotoka Biharamulo. Usiku ukatukuta upande wetu wa mpaka, tukalala.

Daraja la Rusumo

Mambo ya mihuri nawaachia wenye mihuri. Mimi nawaambia maji. Pale darajani mto Kagera unaanguka kwa hasira, unarusha mvuke mpaka kanga yangu ikalowa bila mvua. Nikasimama katikati, mguu mmoja kwetu mguu mmoja kwao, nikasema leo Nyamizi nina nchi mbili.

Upande wa pili kuna gari dogo la abiria, wao wanaita takisi. Kijana anayepakia akasema, "Mukecuru akae mbele." Mukecuru ndo bibi kizee kwao, na wanaitamka kwa heshima hasa. Mimi nikajivuta, nikaenda upande wa kushoto kama kwetu, nikafungua mlango, nikapanda, nikakaa, nikapanga na michembe yangu. Naangalia mbele, hee! Usukani uko tumboni kwangu!

Dereva kasimama chini ananiangalia. "Mukecuru, leo wewe ndiyo utatupeleka?"

Pili alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe nchi ile usukani uko kushoto, na gari linapita kulia! Basi tulivyoondoka, kila gari likija mbele yetu mimi nafumba macho naita, "Lailaha illallah, dereva, rudi kwenu! Hapo upande wa watu!" Nikaita mpaka Kibungo. Baada ya Kibungo sauti ikakauka, nikamwachia Mungu.

Kigali yenyewe

Huo mji, jamani, umemwagwa juu ya milima kama mtu aliyejikwaa na ungo wa mtama. Nyumba hii iko juu ya paa la nyumba ile. Ukitaka chumvi kwa jirani, unapanda mlima, na kurudi unashika majani. Mimi magoti yangu ni ya Kahama, ya mbuga. Hayakusomea kazi hiyo.

Tulifikia kwa Mama Hawa, mtoto wa jirani yangu wa zamani, kaolewa huko Rwezamenyo, mtaa uleule wa shangazi, maana pengine pa kulala hatukuwa napo, na duka lenyewe hatukulijua. Huko mtaani Waislamu wamejaa, Kiswahili kinasikika, ila ni Kiswahili kimevuliwa viatu: kila kitu ni iko. Iko maji, iko mama, iko nalala. Nikakipenda.

Lakini kilichonishangaza cha kwanza ni ukimya. Watu wengi vile, na hakuna anayepayuka ila redio. Siku hizo zilikuwa za mpira wa dunia, na Kameruni wakifunga ndo unajua kumbe watu wa huko wana koo. Cha pili, usafi. Cha tatu, sikukiona mpaka kesho yake. Mama Hawa alitupikia vizuri, ndizi na maharage na nyama, lakini kabla ya kupakua akafunga mlango, akashusha pazia. Nikadhani ni vumbi.

Jumamosi, kwenye ngazi

Sasa hapa ndo msikilize.

Asubuhi tukatoka kwenda kuangalia vitenge. Mtaa wenyewe ni maduka huku na huku, barabara imepanda kama ngazi ya mnazi. Wasichana wakaingia duka moja, wakaangalia, wakatoka, wakaingia la pili. Magoti yakaniambia basi. Nikawaambia, "Nyie endeleeni, mimi nakaa hapa." Ng'ambo kulikuwa na duka lina ngazi safi ya saruji, yenye kivuli. Nikakaa, nikanyoosha miguu, nikafungua kitambaa changu, nikaanza kutafuna michembe.

Mnaijua michembe. Kiazi kikavu hakiliwi kimyakimya. Mimi natafuna, kruu, kruu, na kila anayepita namwambia, "Karibu!"

Wa kwanza, mama na mwanawe: akamfunika mtoto macho. Nikashangaa, mtoto anaumwa macho? Wa pili, mzee mwenye kofia: akaivua, akainama, akapita anaangalia ukuta. Nikasema, mzee mwenye adabu huyu, nikaongeza sauti: "Karibu, baba!" Akakaza mwendo. Wasichana wawili wa shule wakavuka kabisa barabara. Vijana waliozunguka redio ya mpira wakaninyooshea vidole, nikasikia "Ndera, Ndera." Nikadhani ndo salamu ya pale. Nikawapungia mkono: "Ndera na nyie!"

Jioni ndo Mama Hawa kaniambia Ndera ni huko kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Basi mlango nyuma yangu ukafunguka. Akatoka mama mmoja, umri wa mwanangu mkubwa, mnene wa heshima, ushungi mweupe, mwavuli mkononi. Akafungua mwavuli, akausimamisha mbele yangu, kati yangu na barabara. Nikaona, mwanamke mwema huyu, ananikinga jua! Ingawa jua lilikuwa nyuma.

"Ahsante, mama. Karibu michembe."

Akachukua kipande kimoja, akakifunga kwenye leso. Hakukitia mdomoni. "Mukecuru, unatoka wapi?"

Na mimi mnanijua. Nikaulizwa swali moja nikajibu kumi. "Natoka Kahama, mama. Nimemleta mjukuu wangu atembee, anaolewa na kijana wa hapahapa, dereva, anaitwa Idrisa. Ila usimwambie mtu! Tumejificha. Ana shangazi yake, wanasema ni mkali, mwali akionwa naye kabla ya siku, kimenuka."

Akauliza polepole, "Iko mkali namna gani?"

"Sijamwona. Lakini Idrisa mwenyewe, urefu wote ule, akimtaja anapunguza sauti."

Palepale nikasikia kicheko. Najua kicheko cha mjukuu wangu. Wasichana wanatoka ng'ambo, vitenge begani, na kila mmoja ana mshikaki wa mbuzi, wenyewe wanaita burusheti. Wanautembeza barabarani, wanang'ata, wanacheka. Na Mwamvita yuko mbele, ananipungia na mshikaki wake: "Bibi! Onja hii!"

Yule mama akaufunga mwavuli. Pole pole, kama mtu anayefunga kitabu cha matanga. "Yule mwenye kujitanda kijani, ndiyo mugeni?" Mugeni kwao ni bibi harusi.

Nikasema ndiyo.

"Mimi iko Mariyamu," akasema. "Mimi iko shangazi ya Idrisa. Na hapa umekaa iko ku duka yangu."

Wenzangu, michembe ilinisimama kooni. Siyo mfano, ilisimama! Akanipiga mgongoni yeye mwenyewe mpaka ikatoka. Mwamvita akaifikia ngazi, akamwona uso. Alikuwa ameshauona kwenye picha ya Idrisa. Mshikaki ukaanguka. Shangazi akaingia ndani, mlango ukafungwa bila kishindo. Afadhali angeubamiza.

Jumapili, kwa Shangazi

Jioni ile Mama Hawa ndo akatueleza, anashika kichwa. Huko mtu mzima hali njiani. Hali kwenye ngazi, hali akitembea, hali akiangaliwa na asiyemjua. Mtoto mdogo ndo anasamehewa. "Sasa Bibi, mwali! Mwali na nyama mkononi, mtaa mzima!"

"Si ungetuambia!"

"Ningejuaje kama mtatembea mnatafuna?"

"Tungetembea tunafanya nini?"

Usiku ule Mwamvita hakula wala hakulala. Asubuhi ikaja salamu: Shangazi anatuita mchana.

Tukaenda sote na Mama Hawa, nyuma ya duka anakoishi, tumejitanda mpaka kope. Akatukaribisha, akatukalisha, chai akaleta na mlango akafunga. Halafu akasema na mimi, wasichana hakuwaangalia.

"Mama, mimi sina kasirani na wewe. Lakini Idrisa nilimubeba mugongoni. Watu ya hapa wananijua. Asubuhi mke ya muadhini ananiuliza, 'Mariyamu, munaoa muke ao munaoa njaa?' Nitajibu nini? Mimi siendi Kahama."

Mwamvita akateremka kwenye kiti, akapiga magoti, akalia bila sauti. Mtoto wa kike akilia vile bibi yake anakuwa mnyama. Lakini nikajishika.

Nikasema, "Mama, kwetu anayejifungia ndani na chakula tunamwita mchoyo. Au mchawi. Tunakula nje ili mwenye njaa aone sahani iko wapi."

Akatoa macho. Kashtuka kweli, kama mimi nilivyoshtuka jana. "Hapa, mutu akikula inje, anamuonyesha mwenye njaa ile njaa yake. Anamutesa."

Tukaangaliana. Nyie, neno lile lilinikaa. Maana sijawahi kulifikiria. Miaka yote nimeita karibu, karibu, sikuwahi kumfikiria yule aliyeona haya kukaribia. Nikamwambia hivyohivyo. Na yeye akasema ya kwangu hakuwahi kuyasikia.

"Basi tumeelewana," nikasema.

"Mimi na wewe, ndiyo. Ile balabala haijaelewa. Na mimi ninaishi ku balabala, mama. Siishi Kahama."

Nikakunywa chai yote. Nikasimama. "Pili, kaniletee burusheti. Mwamvita, fuata nyuma, ushungi mpaka puani. Mama Hawa, utatafsiri, na kwa sauti."

"Bibi, unafanya nini?" akauliza Mwamvita.

"Naongea na barabara."

Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri, ndo mtaa umejaa. Nikakaa kwenye ngazi ileile ya duka. Nikamsimamisha Mwamvita pembeni, nikampa mshikaki aushike. Nikauvuta, nikang'ata, nikamrudishia. Akaushika, kichwa chini, mkono umenyooka kama fimbo ya bendera. Nikatafuna. Meno yenyewe mnayaona. Nyama ya mbuzi na mimi tulipigana pale mpaka shavu likauma.

Watu wanageuza uso, halafu wanachungulia, halafu wanageuza. Nikapaza sauti:

"Enyi watu wa Rwezamenyo! Mimi ndo yule wa jana! Nimetoka Tanzania, kwetu tunakula nje, tumezoea hivyo! Huyu mtoto mnayemsema, hali! Ananishikia mimi! Jana alikuwa ananiletea mimi, mikono yangu inatetemeka! Kama kuna mwenye njaa hapa, ni mimi, na kama kuna aibu, nipeni mimi, nitaibeba mpaka Kahama, mimi mzee haitanivunja!"

Mama Hawa akatafsiri. Mwamvita akaninong'oneza, "Bibi, mimi nilikula. Nilikula miwili."

"Nyamaza, shika nyama."

Yule mzee wa kofia ndo kaanza. Mabega yakatikisika, akashika ukuta, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Watoto wakapokea. Vijana wa redio wakapokea. Mwanamke mmoja mwembamba, nikajua ndo mke wa muadhini, akajipiga paja: "Ye baba we! Kumbe ni mukecuru!"

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Shangazi na mwavuli wake. Akashuka ngazi moja, akaufungua, lakini safari hii hakuniziba. Akaushika juu ya kichwa changu, kama wanavyomfanyia mtu mkubwa. Akasema Kinyarwanda, kirefu, bila kukazana. Wanawake wakapiga vigelegele, sauti nyembamba za kwao.

Nikamvuta Mama Hawa kanga. "Kasema nini?"

Mama Hawa machozi yanamtoka, anacheka. "Anasema huyu mukecuru ni mkwe wake, na amefikia kwake. Anasema siku akija Kahama kumchukua mugeni, atakula barabarani mbele ya watu wote, na Bi Nyamizi ndiye atakayemshikia mwavuli."

Kurudi

Jumatatu tukaondoka. Kwenye takisi nilikaa nyuma, usukani niliuona unatosha. Pili na Sikudhani walisimulia njia nzima, kila mmoja ananiigiza, na mtu wa viti vya mbele anageuka kucheka. Mwamvita yeye anaangalia milima dirishani. Nikamwachia. Mpaka tumevuka daraja, tumepata basi la kwetu, tumekaa, ndo akanilalia begani kama alivyokuwa akifanya mdogo.

"Bibi," akasema, "kule nitaishi kama wao. Nitafunga mlango, nitashusha pazia, sitamwaibisha Shangazi tena. Lakini nakuahidi: kila siku, kabla sijaufunga, nitatoka nje kwanza niangalie kushoto na kulia kama kuna mtu hajala, nimwingize ndani."